Soma tukio kwanza, tatizo baadaye: mwongozo wa kusoma insha za masimulizi binafsi darasani

Insha ya masimulizi binafsi ina balaa moja darasani: kila mtu huielewa haraka mno. Mwanafunzi akishasoma mistari mitatu kuhusu mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, mkono uko juu: "Mwalimu, dhamira ni umaskini." Mwalimu anaandika UMASKINI ubaoni, anapiga mstari chini yake, na insha imekwisha hata kabla haijasomwa. Kinachofuata ni kuorodhesha tu: dhamira, ujumbe, mafunzo, tamathali za semi. Orodha ya namna hiyo angeweza kuiandika mtu ambaye insha yenyewe hajaitia machoni, na mara nyingi ndivyo inavyoandikwa.

Njia ninayoieleza hapa inachelewesha tatizo makusudi. Linaanza tukio, kisha linakuja swali ambalo vitabu vingi vya kiada hulipita bila salamu: msimulizi mwenyewe alisimama wapi? Tatizo la jamii linatajwa baada ya hapo. Nimemwandikia mwalimu wa sekondari mwenye wanafunzi wengi na nakala chache, ila hata mwanafunzi anayejisomea anaweza kuzifuata hatua hizi akiwa na daftari lake. Tenga vipindi vinne vya dakika 40, na viwili kati yake viwe mfululizo kama ratiba inaruhusu.

Kuchagua maandishi

Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Tafuta maandishi yenye tukio moja unaloweza kuliona kwa macho, ambamo msimulizi alikuwamo na hakulisikia tu kwa watu. Insha inayoanza kwa "Rushwa ni adui wa haki" iache. Hiyo ni hotuba, hata kama ndani yake kuna neno "mimi" mara kumi.

Kwa Afrika Mashariki, sijaona kipande kinachofaa zaidi ya zile kurasa chache za mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu lugha shuleni, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Ngũgĩ alizaliwa 1938 Kamiriithu, karibu na Limuru. Anasimulia kwamba baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari mwaka 1952, shule zilizokuwa zikiendeshwa na Waafrika wenyewe ziliwekwa chini ya bodi za elimu za wilaya zilizoongozwa na Waingereza, na Kiingereza kikawa bwana mkubwa. Mtoto aliyekutwa akisema Kigikuyu karibu na shule alichapwa viboko vitatu hadi vitano, au alivishwa shingoni bamba la chuma lenye maandishi ya kumwita mjinga au punda.

Utasema kipande hicho ni cha Kiingereza, nasi tuko katika kipindi cha Kiswahili. Basi darasa lenyewe litafsiri, aya moja kwa kila kundi. Hakuna anayeweza kutafsiri aya bila kuisoma kweli, kwa hiyo nusu ya kazi ya siku ya kwanza itakuwa imefanyika. Tena kuna jambo la kuchekesha kidogo hapo: katika kitabu hichohicho Ngũgĩ aliaga kuandika kwa Kiingereza, akasema tangu hapo angetumia Kigikuyu na Kiswahili. Baadaye kumbukumbu zake za utotoni alizitoa kwa Kiingereza. Liache darasa libishane juu ya hilo, lakini lisimalize kipindi.

Kwa kidato cha tano na sita, ongeza insha ya mwandishi Mwingereza George Orwell ya mwaka 1936 kuhusu kumpiga risasi tembo huko Burma (Myanmar ya leo). Anayetaka maandishi ya Kiswahili tangu mwanzo achukue kurasa kutoka Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ya Shaaban Robert, aliyekuwa karani katika serikali ya kikoloni Tanganyika na ambaye anaandika juu ya kazi na msiba kwa utulivu unaowashangaza vijana waliozoea vilio.

Kwa siku ya kwanza kabisa, hata hivyo, tumia aya fupi unayoweza kuiandika ubaoni. Hii nimeitunga kwa ajili ya somo:

"Mwalimu wa zamu alisoma majina kumi na mawili. Langu lilikuwa la tisa. Tukatoka kwenye mstari, tukachukua mabegi, tukaelekea getini. Mlinzi akafungua bila kuuliza, alishatuzoea. Nilipofika nyumbani, mama alikuwa akifua nguo za watu. Akaniona, akaendelea kufua. Watoto wa mtaa wetu huanza likizo kabla ya wenzao."

Hatua ya kwanza: kusoma bila kalamu

Isome kwa sauti wewe mwenyewe, taratibu, wanafunzi wakiwa wameweka kalamu chini. Kisha mwanafunzi mmoja airudie. Baada ya hapo uliza swali moja tu: nini kilitokea? Usikubali jibu lolote ambalo si tendo. "Wananyanyaswa" si tendo. "Mwalimu alisoma majina" ni tendo. Andika ubaoni matendo yote kwa mpangilio wake, na kila moja liwe na mtendaji.

Katika aya yetu utapata nane au tisa, na sasa ndipo vitu vinaanza kuonekana. Mlinzi hakuuliza. Mama hakuuliza. Hakuna aliyelia, hakuna aliyegomba. Waulize wanafunzi kwa nini mama aliendelea kufua, kisha nyamaza. Utapata majibu ambayo neno UMASKINI lingeyafunika: kwamba anafua ili apate hiyo karo, kwamba akisimama siku inapotea, kwamba ana aibu mbele ya mtoto wake, kwamba jambo hili limemzoesha kama lilivyomzoesha mlinzi. Yote yanaweza kuwa kweli, na yeyote anayejibu lazima aonyeshe neno lililompeleka huko. Asiyeweza kuonyesha neno, jibu lake liandikwe pembeni lisubiri.

Hatua ya pili: kuwatenganisha "mimi" wawili

Kila masimulizi binafsi yana watu wawili wanaojiita mimi. Mmoja alikuwa pale siku ile, mara nyingi mtoto, akiona bila kuelewa yote. Mwingine ameketi miaka kadhaa baadaye anaandika, na anajua mengi ambayo yule mdogo hakuyajua. Wanafunzi wakichanganya hawa wawili, watamsifu mtoto kwa hekima ya mtu mzima, au watamlaumu mtu mzima kwa woga wa mtoto.

Gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili na upange sentensi: hii ya aliyekuwapo, hii ya anayekumbuka. Kiswahili kinatusaidia sana hapa kwa sababu viambishi vya wakati havifichi kitu. Tukio hutembea kwa -li- na -ka-: alisoma, tukatoka, akafungua. Msimulizi anapoacha kusimulia na kuanza kutafakari, mara nyingi utamwona akihamia -na- au hu-. Wape wanafunzi kazi ya kupigia mstari kila kitenzi chenye hu- au -na- ya wakati uliopo. Katika aya yetu kipo kimoja tu, huanza, kwenye sentensi ya mwisho. Pale ndipo siku moja ya mtoto mmoja inapogeuka kuwa desturi ya mtaa mzima, na msimulizi amefanya hivyo kwa kejeli badala ya malalamiko: kufukuzwa amekuita likizo.

Zoezi hili linachukua dakika kumi na tano na hata mwanafunzi asiyependa fasihi hulifanya vizuri, maana ni sarufi anayoijua. Halifui dafu kila mara. Wapo waandishi wanaosimulia tukio zima kwa -na- ili msomaji ahisi yuko palepale, na hapo itabidi mtafute alama nyingine: maneno kama "sasa naelewa", "wakati ule sikujua", au umri uliotajwa.

Hatua ya tatu: msimulizi alisimama wapi?

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, hata ikibidi kukata hatua nyingine.

Darasa letu limezoea kuuliza nani mbaya na nani mwema. Katika masimulizi binafsi swali hilo hujibiwa kabla halijaulizwa, kwa sababu anayesimulia ndiye anayeshika kalamu: yeye ni mwema, wengine wabaya. Insha zilizodumu, hata hivyo, mara nyingi ni zile ambazo msimulizi hakujitoa katika lawama. Chora ubaoni mstari mrefu. Upande mmoja andika "aliyeumia", upande wa pili "aliyenufaika". Mwambie kila mwanafunzi aje aweke alama pale anapoona msimulizi anasimama, kisha ataje sentensi iliyomfanya aweke hapo.

Kwa Ngũgĩ, wengi wataweka alama upande wa aliyeumia, kwa sababu ya viboko na bamba. Waache wamalize, kisha rudi kwenye aya inayofuata. Anasimulia habari ya mvulana mmoja wa darasa lake, mwaka 1954, aliyefaulu vizuri sana masomo yote isipokuwa Kiingereza. Alihesabiwa kuwa amefeli mtihani mzima, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe alikuwa na alama za kawaida tu, lakini Kiingereza chake kilikuwa kizuri, akapata nafasi Alliance High School, shule iliyokuwa ya wachache sana wakati huo. Sasa alama zinaanza kuhama ubaoni. Mtu huyuhuyu anayeshtaki mfumo ndiye ambaye mfumo ulimfungulia mlango, na amelisema wazi bila kuulizwa. Ukiondoa habari ya utingo, insha inabaki malalamiko ya mtu aliyeonewa. Ikiwamo, tunaona jinsi uonevu unavyochagua watu wake.

Orwell anakwenda mbali zaidi. Alikuwa askari polisi wa mkoloni Burma kati ya 1922 na 1927, kwa hiyo yuko upande wa bunduki tangu mwanzo. Tembo aliyeua mtu alikuwa ameshatulia. Hapakuwa na haja ya kumpiga. Lakini nyuma ya Orwell umati wa watu zaidi ya elfu mbili unangoja, naye anakiri kwamba alipiga ili asionekane mjinga. Waulize wanafunzi: nani alimwamuru nani siku ile? Bunduki alikuwa nayo mmoja, lakini mwenye bunduki ndiye aliyefanya kile asichotaka. Swali hili limewahi kuzua ubishi hadi kengele ikalia bila mtu kusikia.

Kwa aya yetu ya karo, jibu si rahisi hivyo. Msimulizi ameumia, hilo halina shaka. Ila kumbuka jina lake lilikuwa la tisa kati ya kumi na mawili, na mstarini walibaki mamia waliotazama. Wapi wamesimama wale? Wanafunzi wako wengi wako palepale.

Hatua ya nne: kutoka kwa mtu hadi kanuni

Sasa tatizo linaweza kutajwa kwa jina. Chukua tendo moja na ulifuate juu kwa maswali: nani alifanya, nani alimwagiza, kwa kanuni gani, nani anapata faida ikiendelea?

Kitufe cha Ngũgĩ kinafaa kuliko mfano wowote. Asubuhi mwanafunzi mmoja alipewa kitufe, naye akampa mwenzake wa kwanza aliyemsikia akisema lugha ya mama. Huyo akampa mwingine. Jioni aliyebaki nacho alimtaja aliyempa, na aliyempa akamtaja wake, mpaka wakosaji wote wa siku wakajulikana. Mwachie mwanafunzi achore mnyororo huo, kisha muulize mwalimu yuko wapi katika mchoro. Yuko mwanzo na mwisho tu. Mchana kutwa watoto walichungana wenyewe. Ukiuona mchoro huo ubaoni, neno "ukoloni" linaacha kuwa jibu la mtihani na kuwa kitu chenye mikono na miguu.

Jiandae, kwa sababu kuna mwanafunzi atakayesema, "Mwalimu, hata sisi tunacho." Kenya wengi wanakijua kwa jina la diski. Tanzania zipo shule za mchepuo wa Kiingereza ambako mtoto huadhibiwa kwa kusema Kiswahili uwanjani. Mwalimu anayefundisha kipande hiki katika shule yenye adhabu ya namna hiyo anafundisha jambo lililo hai, na wanafunzi watamtazama usoni waone atasemaje. Ushauri wangu ni kutolikwepa wala kuligeuza kesi ya mwalimu mkuu. Tumia maswali yaleyale manne kwa diski kama mlivyoyatumia kwa kitufe, na majibu yabaki ubaoni.

Hatua ya tano: kuweka ushahidi kando yake

Simulizi ya mtu mmoja inathibitisha kwamba jambo linaweza kutokea na jinsi linavyohisiwa na aliyepatwa nalo. Haithibitishi kwamba linatokea kila mahali. Wanafunzi huruka kutoka "alichapwa" hadi "walimu wote huchapa", na ni kazi yetu kuwarudisha.

Wapeleke kwenye sheria, takwimu za sensa, magazeti ya zamani, wazee wa kijiji. Kuhusu viboko kwa mfano, Kenya ilipiga marufuku adhabu hiyo shuleni mwaka 2001. Tanzania kanuni bado zinairuhusu, kwa idhini ya mkuu wa shule na visizidi vinne. Darasa la Mombasa na la Tanga likisoma ukurasa uleule wa Ngũgĩ, la kwanza linasoma jambo lililokatazwa na la pili jambo lililowekewa masharti. Muulize kila mwanafunzi kama anayoyaona yanalingana na yaliyoandikwa.

Kuna pia suala la ukweli wa simulizi yenyewe. Wachunguzi wa maisha ya Orwell wamebishana kama kweli alimpiga tembo yule. Mjadala mzuri: ikithibitika hakumpiga, insha inapoteza nini? Darasa hugawanyika mara moja.

Kabla ya mjadala wazi

Usiulize kamwe, "Nani kati yenu yamempata haya?" Ni swali linaloonekana la huruma lakini linamvua mtoto nguo mbele ya wenzake. Uliza kuhusu mtu aliye katika insha. Anayetaka kujisemea atajisemea. Makabila na dini za waliomo darasani zisiwe mifano. Mkitaka mfano, mnao katika maandishi.

Waeleze mapema, kabla hawajaandika chochote, kwamba mtu akifichua kuwa anaumizwa au yuko hatarini, hutaweza kuificha siri hiyo. Sheria za watoto, ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2022, zipo kumlinda mtoto, na namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, hupigwa bila malipo katika nchi zote mbili. Iandike kwenye kona ya ubao na iache hapo wiki nzima, ili anayeinakili asijulikane kwa nini ameinakili.

Hatua ya sita: wao waandike

Hapa tunapambana na adui wa zamani. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, anajua insha yake isipungue maneno 400 na kwamba misemo huleta alama, kwa hiyo amebeba gunia la misemo tayari. Siku ya msiba jogoo wanawika, jua linachomoza kwa madaha, na ndege wanatumbuiza kwa nyimbo nyororo. Nimesoma insha ya ukame ambamo manyunyu yalidondoka aya ya kwanza.

Weka masharti machache. Tukio moja, la siku moja. Angalau vitu vitatu vinavyoshikika: sufuria, risiti, kandambili iliyokatika. Maneno yaliyosemwa na mtu, kama yalivyosemwa. Tatizo lisitajwe kwa jina popote. Sentensi moja ikubali jambo ambalo msimulizi hakulifanya, au alilifanya na hajivunii. Na aya ya mwisho isianze kwa "Serikali inapaswa". Sharti hili la mwisho huwauma sana, maana wamefundishwa kwamba insha isiyo na ushauri haijakamilika.

Mruhusu kila mmoja aandike jambo dogo. Foleni ya maji bombani, kiti cha mbele kwenye daladala, mgeni aliyepewa paja la kuku mtoto akitazama: haya yana jamii nzima ndani yake na hayamlazimishi mtu kufukua kidonda. Anayetaka kuandika la mwingine kwa ruhusa yake, au kutumia jina la kubuni, aruhusiwe.

Kusahihisha

Alama 20 zigawe kabla hujaanza kusoma, na uwaambie wanafunzi mgawo huo. Mimi huzipa nafasi kubwa undani wa tukio na mahali msimulizi aliposimama; sarufi ina alama zake lakini haimezi zote. Mtoto aliyeandika kifo cha mama yake asirudishiwe karatasi yenye 11 na neno "Tahajia!" peke yake. Andika kwanza mstari mmoja unaoonyesha umesoma alichosema, kwa penseli ikibidi, kisha makosa. Usitoe alama kwa ukubwa wa maumivu, la sivyo mwaka ujao darasa zima litakuwa la yatima.

Insha ikiwa nzuri sana, utatamani kuibandika kwenye ubao wa matangazo au kuisoma mstarini Jumatatu. Muombe mwenyewe ruhusa faraghani, si mbele ya wenzake ambako hawezi kukataa. Akikataa, mrudishie karatasi yake halisi, na nakala usibaki nayo.